Keki Tamu, Picha Mbaya: Mtauza Vipi?

Mteja wa keki siku hizi haji dukani kunusa. Anakula kwa macho, tena kupitia simu, na picha isipomtoa udenda anapita zake kwa jirani. Wanandoa wengi wanaouza keki, maandazi na vileja nyumbani hela yote wanaimalizia kwenye oveni na unga. Picha zinapigwa juu kwa juu usiku, chini ya taa.

Gharama yake naijua. Shemeji yenu alipoacha kazi ili aoke, oveni tuliinunua kwa hela tuliyokuwa tunaweka ya kiwanja. Keki zake, jamani, ni habari nyingine! Lakini miezi miwili ya mwanzo oda zilitoka kwa ndugu na majirani tu, yaani watu waliokwisha kuzionja. Wengine walikuwa wanaona krimu nyeupe imegeuka njano. Ndani ya nyumba maneno yakaanza: kiwanja hakuna, mshahara mmoja, umeme unakwenda.

Mwishowe tukagawana kazi. Yeye anaoka, mimi napiga picha, na simu ni ileile.

Dirisha ndiyo studio

Zima taa zote, na flashi pia. Mwanga wa taa ukichanganyika na wa jua, rangi zinavurugika. Weka keki karibu na dirisha, mwanga uipige kutoka ubavuni, ndipo mikunjo ya krimu inaonekana. Jua likiwa kali, shusha pazia jepesi jeupe. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga kwenye kivuli.

Futa lenzi kwanza, maana simu ya jikoni haikosi mafuta. Keki ya ngazi ipige ukiwa usawa wake. Sinia la vileja lipige kutoka juu. Andazi lipasue watu waone uwazi wa ndani. Usivute kwa zumu, sogea mwenyewe.

Keki nyeupe ina mtego wake. Simu ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na keki inatoka kijivu. Gusa skrini penye keki, kisha ongeza mwanga kidogo. Kwa keki ya chokoleti fanya kinyume chake.

Halafu kuna joto letu la Dar. Krimu ya siagi inalegea haraka, kwa hiyo weka bakuli tupu mezani, pima mwanga nalo mpaka uridhike, ndipo keki itoke kwenye friji.

Usiuze keki ya mwenzio

Kishawishi kikubwa ni kuchukua picha za keki za nje kwenye intaneti. Muuzaji mmoja tunayemfahamu alifanya hivyo. Bi harusi alichagua keki kwa ile picha, na siku ya send-off boksi lilipofunguliwa, akaikataa mbele ya wakwe. Hela ilirudishwa, lakini jina halikurudi.

Kwetu sheria aliiweka shemeji yenu: “Baba, usiweke kitu ambacho mikono yangu haijakitengeneza.” Ndiyo maana hata rangi siichezei. Kama pinki imefifia, ibaki imefifia, ili mteja apate alichokiona. Picha tunaziweka kwenye katalogi ya WhatsApp Business, programu ya bure iliyoanza mwaka 2018, na chini ya kila picha tunaandika uzito na bei.

Kiwanja bado hatujanunua, nisiwadanganye. Ila sasa oda zinatoka kwa watu tusiowajua, na kelele za umeme zimepungua. Kama mwenzako anaoka, usiishie kumuuliza leo ameuza ngapi. Kesho asubuhi amka, fungua pazia, mshikie ile manila.