Mapigo ya Moyo: Hesabu Isiyohitaji Chombo

Kila alfajiri, matatu zinapoanza kushindana kwa honi katika Barabara ya Jogoo, mimi huwa ningali nimelala chali nyumbani kwangu Buruburu, vidole viwili vya mkono wa kulia vikiwa juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Nahesabu mapigo ya moyo wangu.

Mazoea haya niliyaanza nilipotimiza umri wa miaka 45. Marehemu baba alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 49, na katika familia yetu yenye walimu watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kujua moyo wake ulipiga mara ngapi kwa dakika. Tulijua kusahihisha insha za watoto wa watu. Mwili wa mzee wetu hatukuusoma.

Waama, somo lenyewe ni jepesi. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, uutafute mshipa unaodunda. Usitumie gumba, kwani nalo lina mdundo wake, utajihesabia mara mbili. Hesabu kwa sekunde 30, kisha uzidishe kwa 2. Fanya hivyo kabla ya kuinuka na kabla ya chai. Wahenga wa lugha yetu hawakukosea waliposema moyo wa mwenye hofu huenda mbio. Lakini homa, kahawa na kukesha pia huukimbiza.

Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha waliokomaa huweza kuwa na 40 hivi, kwa sababu moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mimi nilianza na 82. Baada ya miezi mitano ya kutembea kwa haraka hadi Makadara na kurudi, nilifika 70. Nambari zote mbili ni za kawaida. Kilichonifurahisha ni mwelekeo. Jilinganishe na nafsi yako ya jana, si na jirani.

Hesabu hii pia huongoza mazoezi. Toa umri wako katika 220 upate makadirio ya upeo wa mapigo. Kwangu mimi mwenye miaka 46, upeo ni 174. Mazoezi ya wastani hukaa kati ya asilimia 50 na 70 ya upeo huo, yaani takriban mapigo 87 hadi 122. Asiyependa hesabu na ajipime kwa ulimi: akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, yumo katika kiwango hicho. Mwenda pole hajikwai.

Hapa mwanaisimu hana budi kuonya. Katika mitaa yetu, tangu Kaloleni hadi Kayole, kila jambo la moyo huitwa “presha”. Neno hilo moja limefunika mambo mawili. Mapigo ni idadi. Shinikizo la damu ni nguvu ya damu dhidi ya kuta za mishipa, na hilo halipimwi kwa vidole. Mtu aweza kuwa na mapigo 65 matulivu ilhali shinikizo lake linamwangamiza kimyakimya. Basi asiyepimwa kwa mashine asijidanganye. Na ambaye mapigo yake yakiwa ya pumziko huzidi 100 mara kwa mara, au hupigapiga bila mpango, au huandamana na kizunguzungu na maumivu ya kifua, aende kwa daktari, asiende uwanjani.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji maabara wala karo. Lahitaji saa ya ukutani na darasa lililotulia kwa nusu dakika. Mfundishe mwanafunzi kuhesabu, kuzidisha na kuandika jibu lake daftarini. Jioni akifika nyumbani, atamshika baba yake mkono. Mimi sikuwahi kumshika wangu.