Garimoshi la kuchezea lageuzwa basi la reli

Garimoshi la kuchezea lililochakaa usilitupe. Livue bodi, bakiza mota na magurudumu, kisha liundie bodi ya basi la reli la Colorado, Marekani, maarufu kwa jina la Galloping Goose, yaani bata bukini mwenda mbio.

Mwaka 1931 reli ya Rio Grande Southern ilikuwa hoi kifedha. Mafundi wake wakachukua gari la Buick, wakalifunga magurudumu ya reli.

Hesabu ni ya darasani: upana wa reli halisi milimita 914, ya kuchezea ile kubwa 45. Gawanya, unapata kama 20. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 10.

Sehemu ya nyuma, ya barua na mizigo, usiiache. Wachuuzi wa mpakani mnaelewa: abiria walikuwa wachache, barua na mizigo ndivyo vilivyosaidia reli hiyo kuendelea kwa takriban miaka 20 zaidi.