Je, Wajua? Kitambi Hupungua, HDL Ikajivuta

Ukipunguza uzito, mafuta ya damu yanayoshuka upesi ni trigliseridi, yale yanayopandishwa na wanga na sukari. Hapa Kutus, jirani na mashamba ya Mwea, maana yake ni sahani ya wali wa pishori iliyofurika na chai ya vijiko vinne vya sukari. Kolesteroli mbaya, LDL, hushuka kidogo tu. Hiyo husikia zaidi ukipunguza nyama ya mafuta na mafuta ya kupikia yanayoganda. HDL, ile nzuri, ina vituko: huweza kushuka ungali unakonda, kisha ikapanda uzito ukitulia, hasa kwa anayeiacha bodaboda akatembea. Ukipimwa katikati ya kukonda, usishtuke. Rudia kipimo uzito ukishatulia.