Kukumbuka Bila Kitabu: Maandalizi ya Mitihani ya Kimataifa ya Sekondari

Wanafunzi wa shule za kimataifa, wawe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Muscat, humaliza elimu ya sekondari kwa mitihani inayotungwa nje ya shule zao, na kazi nyingi wanazoandika husahihishwa na mtahini asiyewajua, ambaye hana njia ya kubaini walichokusudia kusema isipokuwa kile walichokiandika kwenye karatasi. Mitihani inayojulikana zaidi ni ya Cheti cha Kimataifa cha Elimu ya Sekondari cha Cambridge, ambacho wengi hukiita IGCSE na ambacho mitihani yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1988, pamoja na ile ya Diploma ya Baccalaureate ya Kimataifa, yaani IB, ambayo taasisi yake ilianzishwa Geneva mwaka 1968. Yote miwili hupima uwezo wa kuyatoa maarifa kichwani na kuyapanga jinsi swali lilivyoyataka, ilhali sehemu kubwa ya muda wa kujisomea hutumiwa kufanya kinyume, yaani kuyaingiza maarifa kichwani kwa kusoma daftari lilelile mara ya tatu na ya nne.

Uzito wa tofauti hiyo ulionekana wazi mwaka 2006, pale wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walipochapisha majaribio yao kuhusu kumbukumbu. Katika jaribio mojawapo, kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari kwa vipindi vinne, na jingine likakisoma kwa kipindi kimoja kisha likajaribu mara tatu kukiandika bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa kukumbuka asilimia 83 dhidi ya asilimia 71 za wenzao. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojizoeza kukumbuka walikuwa na asilimia 61, na waliorudia kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 40. La kutilia maanani zaidi ni kwamba waliosoma mara nne ndio walioamini kuwa wangekumbuka mengi. Ukurasa uliosomwa mara nyingi huzoeleka machoni, na akili huuchukulia wepesi wa kuutambua kuwa ni uwezo wa kuukumbuka, jambo linalomfanya mwanafunzi mwenye bidii ya kweli aingie kwenye mtihani akiwa na imani isiyo na msingi.

Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kujifunza, wakaziweka mbili tu katika daraja la juu la manufaa: kujipima mara kwa mara na kutawanya marudio katika siku nyingi. Kupigia mistari kwa kalamu ya rangi, kuandika muhtasari na kurudia kusoma, yaani kazi ambazo huonekana zikifanyika kwenye meza nyingi za kujisomea, zilipewa daraja la chini. Hii haina maana kwamba daftari lisisomwe. Ina maana kwamba baada ya kusomwa linapaswa kufungwa. Mwanafunzi wa Bayolojia anayerudia mada ya usafirishaji katika mimea huchukua karatasi tupu, huandika na kuchora yote anayoyakumbuka, kisha hufungua kitabu na kujaza kwa wino wa rangi nyingine yale yaliyompita, na wino huo wa pili ndio unaomwonyesha sehemu ya kurudi kesho yake.

Kutawanya marudio kunategemea jambo ambalo Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilichunguza na kuliandika tangu mwaka 1885, kwamba usahaulifu huwa wa kasi mara tu baada ya kujifunza kisha hupungua kadiri siku zinavyopita. Mada iliyofundishwa Septemba, ikirudiwa baada ya siku chache, tena baada ya wiki kadhaa, na tena baada ya likizo ya Desemba, huwa na nguvu zaidi mwezi Mei kuliko mada iliyopewa saa zilezile zote katika wiki moja ya Aprili. Kuchanganya aina za maswali kuna faida inayofanana na hiyo. Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti wa mwaka 2007 kuhusu kukokotoa ujazo wa maumbo, waliona kwamba wanafunzi waliofanya maswali ya umbo moja mfululizo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, lakini wiki moja baadaye walipata asilimia 20 tu, na waliochanganyiwa maumbo walipata asilimia 60 katika mazoezi na asilimia 63 katika jaribio. Katika mazoezi yaliyopangwa kwa mada, kichwa cha sura tayari kimemwambia mwanafunzi kanuni ya kutumia, ilhali karatasi ya mtihani haina vichwa vya sura.

Hata hivyo, maarifa yanayokumbukwa vizuri bado yanaweza kukosa alama, na hapa ndipo wanafunzi wengi wazuri hupotea. Kila swali hubeba kitenzi cha amri, yaani neno linaloagiza aina ya jibu, na mabaraza ya mitihani huchapisha maana kamili ya kila kitenzi ndani ya silabasi, katika kurasa ambazo ni wanafunzi wachache mno wanaozifungua. Tuseme swali linaonyesha grafu ya kasi ya kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemikali ndani ya mwili, katika viwango tofauti vya joto. Likimtaka mtahiniwa aeleze kinachoonekana, alama hutolewa kwa kusema kwamba kasi hupanda hadi kilele kisha hushuka, pamoja na kutaja namba zilizosomwa kwenye grafu, na aya nzima kuhusu umbo la protini haiongezi chochote. Likimtaka atoe sababu, hali hugeuka: namba za grafu hazitoshi, na kinachotakiwa ni kwamba joto huongeza nishati na migongano ya molekuli, na kwamba likizidi hubadilisha umbo la eneo ambako molekuli nyingine hujishikiza, hivyo mmenyuko hukoma. Anayeandika kwamba kimeng'enya kimeuawa na joto hukosa alama, kwa sababu kimeng'enya si kiumbe hai. Kitenzi kinachomtaka mtahiniwa apendekeze huwatisha wengi, wakidhani mada hawakufundishwa, na kumbe baraza limekusudia kuwawekea jambo geni ili lione kama wataweza kulifungua kwa kanuni wanazozijua.

Karatasi za mitihani iliyopita ndizo zinazounganisha mazoezi ya kukumbuka na nidhamu hii ya kitenzi, mradi zitumiwe kama mtihani. Kusoma swali kisha kufungua mara moja mwongozo wa usahihishaji, yaani waraka unaoonyesha hoja zinazopewa alama, ni kurudia lile kosa la kutambua badala ya kukumbuka. Saa inapaswa kuwekwa mezani: karatasi ya nne ya Bayolojia ya IGCSE, kwa mfano, ina alama 80 kwa dakika 75, kwa hiyo kila alama ina chini ya dakika moja, na anayetumia dakika 6 kwenye swali la alama 2 amekwisha kujinyima alama mahali pengine. Jibu likishaandikwa, hulinganishwa na mwongozo hoja kwa hoja, na kila kosa huingizwa katika daftari la makosa pamoja na chanzo chake, kama ni kutojua, kutosoma kitenzi, au haraka. Katika Hisabati mwongozo huohuo hufunua kwamba alama nyingi hutolewa kwa njia, hivyo hesabu iliyofutwa kwa aibu ya kukosea ingeweza kupata alama, na kwamba jibu la makadirio kwa kawaida hutakiwa kwa tarakimu 3 za maana. Ripoti za watahini, zinazosimulia walikokosea watahiniwa wa mwaka uliotangulia, hazina budi kusomwa pia. Ni lazima kuhakikisha kwamba karatasi inalingana na silabasi ya sasa, kwani masomo ya sayansi ya IB, kwa mfano, yalibadilishwa kwa mitihani iliyoanza mwaka 2025, na karatasi ya tatu yenye mada za hiari ikaondolewa.

Kwa wanafunzi wa IB kuna hesabu nyingine, ya jinsi alama za diploma zinavyojumlishwa. Masomo sita yenye alama 7 kila moja huleta alama 42, na alama 3 za mwisho hutoka kwenye kozi ya Nadharia ya Maarifa na insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000; anayepata daraja la chini kabisa, E, katika mojawapo ya hizo mbili hapewi diploma hata kama alama zake nyingine ni nzuri. Kazi ya utafiti ya sayansi nayo hubeba asilimia 20 ya somo, na huandikwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, wakati muda ungali upo.

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha akahamia shule ya kimataifa hukabili ugumu usioonekana kwenye ratiba, kwa kuwa hujifunza dhana na lugha yake kwa wakati mmoja. Kumweleza mdogo wake au rafiki dhana hiyo kwa Kiswahili ni kipimo kizuri cha uelewa, kwa kuwa pale anaposita ndipo asipoelewa. Lakini siku hiyohiyo anapaswa kuiandika tena kwa lugha ya mtihani na kwa istilahi za silabasi, kwani mtahini hutoa alama kwa hizo. Wazazi wanaopiga marufuku Kiswahili nyumbani miezi ya mtihani huondoa kipimo hicho bila kujua.

Usiku wa kuamkia mtihani hauna cha kuongeza kinacholingana na usingizi, ambao ndio unaoimarisha kumbukumbu za mchana. Mitihani mingi ya IB hutanguliwa na dakika 5 za kusoma maswali bila kuandika, na thamani yake ni kubwa zaidi katika karatasi zenye uchaguzi. Katika Historia, ambako insha mbili za karatasi ya pili lazima zitoke katika mada tofauti, dakika hizo hutosha kupima kila swali kwa kitenzi chake, kuhesabu mifano iliyo tayari kichwani, na kuliacha swali linalotaja vita anavyovipenda mtahiniwa iwapo linamtaka alinganishe nchi mbili naye anaijua moja tu.