Jiji Likijisifu, Liulize Limehesabu Nini

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina majiji mawili, yote yanasifiwa kwa ujanja.

La kwanza ni Songdo, huko Korea Kusini. Huko taka hazingoji gari. Unatumbukiza mfuko kwenye tundu, hewa inaufyonza kupitia mabomba ya chini ya ardhi mpaka kituoni. La pili ni Copenhagen, Denmark. Karibu nyumba zote hupata joto kutokana na maji moto yanayopita kwenye mabomba. Lina kiwanda, Amager Bakke, kinachochoma taka kuzalisha umeme na joto, na juu ya paa lake watu huteleza kwa ski!

Lipi linatunza dunia vizuri zaidi? Msikimbilie kujibu.

Jiji kubwa lina taka nyingi kwa sababu lina watu wengi, kwa hiyo hesabu ya haki hugawanywa kwa idadi ya wakazi. Tena majiji yote lazima yapime kitu kimoja kwa namna moja. Ndiyo maana mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 37120 cha vipimo vya majiji: taka kiasi gani zinarejelezwa, hewa ina vumbi kiasi gani. Mwaka 2019 kikaja cha majiji majanja, 37122, na humo huulizwa hata mapipa mangapi hutoa taarifa yenyewe yakijaa.

Lakini pipa kusema limejaa ni jambo moja. Taka zake kwenda wapi ni jambo lingine. Ujanja wa mitambo haujawa bado utunzaji wa dunia.

Turudi Songdo. Limejengwa juu ya bahari iliyofukiwa, palipokuwa na tope ambalo ndege wahamaji walilitegemea kwa chakula. Ukianza kuhesabu siku mabomba yalipowashwa, ndege hao hawamo kabisa. Hilo linaniuma.

Copenhagen nayo iliweka mpango mwaka 2012: ifikapo 2025, hewa ya ukaa inayoitoa na ile inayoiepusha zilingane, isibaki ziada. Mwaka 2022 wakuu wake wakakiri kwamba hawatafika. Kiwanda chao cha taka kilihitaji mtambo wa kunasa hewa hiyo, na fedha za serikali hazikupatikana. Nawaheshimu kwa kusema hadharani, maana walikuwa na hesabu inayoweza kuwaumbua.

Hata hivyo, hesabu ile iliacha nje vitu vinavyotoka nchi nyingine. Shati likishonwa Bangladesh na kuvaliwa Copenhagen, moshi wa kiwanda cha nguo tumwandikie nani, wajukuu zangu? Mimi nasema aandikiwe aliyelivaa. Nanyi je?