Langalanga Casablanca 1958: kashinda mara nne, ubingwa kachukua aliyeshinda mara moja



Juzi kwenye kafe moja hapa Uhindini, Mbeya, kulizuka ubishi mkali mpaka mwenye kafe akaja kutuliza watu. Vijana wawili walikuwa wanaangalia video ya mbio za langalanga za Brazil 2008, ile Lewis Hamilton anampita Timo Glock kona za mwisho kabisa huku mvua inanyesha na familia ya Felipe Massa tayari inarukaruka kwa furaha. Hamilton pointi 98, Massa 97. Kijana wa kwanza akasema, "Massa kaporwa bwana. Kashinda mbio sita, mwenzake tano, sasa bingwa gani huyo?" Wa pili akajibu, "Oya, kwenye ligi anahesabiwa pointi, siyo mabao." Basi moto ukawaka.

Nikajikuta nadakia. Nikawaambia hiyo ya 2008 ni cha mtoto. Kuna mwaka mtu alishinda mara NNE, mwenzake mara MOJA, na yule wa mara moja ndiye akawa bingwa wa dunia. Na mambo yote yaliamuliwa hapa hapa Afrika. Hawakuniamini. Dakika zangu zikaisha kabla sijamaliza kueleza, kwa hiyo naimalizia hapa.

Kwanza kwa wale wageni. Langalanga ni yale magari ya kiti kimoja, magurudumu yako nje, hayana paa. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea zaidi rali, hasa ndugu zetu wa Iringa, magari yanapiga vumbi porini na msoma ramani kakaa kushoto. Langalanga dereva yuko peke yake, na wote wanaondoka kwa pamoja. Jina lenyewe limo Afrika Mashariki siku nyingi, maana Kenya enzi za mkoloni kulikuwa na mahali pa kushindania magari panaitwa Langa Langa, upande wa Nakuru. Ubingwa wa dunia wa Formula One ulianza 1950.

Haya, twende Casablanca, Morocco, tarehe 19 Oktoba 1958. Huku Tanganyika ndiyo mwaka wa mkutano wa TANU wa Tabora na mjadala wa kura tatu. Morocco yenyewe ilikuwa imepata uhuru miaka miwili tu nyuma, na Mfalme Mohammed V akaja kushuhudia. Njia ya mbio ilikuwa barabara za kawaida pale Ain-Diab, pembeni ya bahari ya Atlantiki, kilomita 7.6 hivi kwa mzunguko. Mizunguko 53. Jumla kama kilomita 403.

Piga picha: unatoka Iringa mjini unafika Mbeya, halafu bado unaendelea mbele kuelekea Tunduma. Basi letu linatumia nusu siku. Aliyeshinda Casablanca alitumia saa mbili na dakika tisa. Na hana mkanda! Enzi hizo hakuna aliyefunga mkanda, nguo ni za pamba, tenki la petroli liko nyuma ya mgongo wako.

Wanaogombea ni wawili, wote Waingereza, wote wamezaliwa 1929. Mike Hawthorn, mrefu, nywele nyeupe-njano, anapenda kuendesha kavaa tai ya kipepeo, yuko Ferrari. Stirling Moss, mfupi kidogo, mtaalamu hasa, yuko Vanwall, timu ya tajiri mmoja wa Uingereza aitwaye Tony Vandervell aliyepata hela zake kwenye beringi za injini. Uingereza ilikuwa haijawahi kutoa bingwa wa dunia. Bingwa wa miaka minne mfululizo, Fangio wa Argentina, alikuwa ameshastaafu katikati ya mwaka. Kwa hiyo kiti kiko wazi.

Sasa hapa ndipo penye hesabu, msikimbie.

Mwaka ule mshindi alipata pointi 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3, wa tano 2. Aliyezunguka kwa kasi kuliko wote anaongezwa 1. Ila zilikuwepo raundi 11, na dereva anahesabiwa matokeo SITA bora tu, mengine yanatupwa. Ni kama mwalimu akuambie utafanya majaribio kumi na moja halafu achukue sita ulizofanya vizuri.

Moss alikuwa na matokeo machache lakini makubwa. Akishinda anashinda, gari likiharibika ndiyo basi. Argentina 8, Uholanzi 9, Ufaransa 6, Ureno 8, na Ujerumani akaambulia 1 ya kasi kabla gari halijamzimikia. Jumla 32.

Hawthorn yeye mbio alizoshinda ni moja tu, Ufaransa, akapata 9. Lakini karibu kila mahali yumo. Ubelgiji 7, Uingereza 7, Ureno 7, Italia 6, Argentina 4, halafu vipointi vidogo vidogo vya Uholanzi na Monaco ambavyo havikuhesabiwa. Sita bora zake: 9, 7, 7, 7, 6 na 4. Jumla 40.

Kwa hiyo Moss akija Casablanca anahitaji vyote: ashinde NA azunguke kwa kasi kuliko wote. Apate 9, afike 41. Hawthorn je? Akimaliza wa tatu anapata 4, na hiyo 4 inakwenda kukaa pale palipo na 4 ya Argentina. Haongezi kitu! Anabaki 40, Moss bingwa. Akimaliza wa pili anapata 6, anatupa ile 4, anafika 42. Umeona? Kwa Hawthorn tofauti ya wa pili na wa tatu ndiyo ubingwa wenyewe. Ya kwanza hata haihitaji.

Vanwall walikuwa na magari matatu: Moss, Tony Brooks, na kijana mwembamba wa miaka 28, Stuart Lewis-Evans. Mpango uko wazi. Moss akimbie mbele, wenzake wawili wakae kati yake na Hawthorn. Ferrari nao wana Mmarekani Phil Hill na Mbelgiji Olivier Gendebien. Kazi ya Phil Hill ni kumsumbua Moss mpaka injini ife, au akae mbele ya wengine kisha amwachie Hawthorn njia.

Kabla ya mbio kuna jambo la namba. Mwaka ule Ferrari walikuwa wameshazika madereva wawili. Luigi Musso alikufa Ufaransa mwezi Julai, Peter Collins akafa Ujerumani mwezi Agosti. Collins alikuwa rafiki wa damu wa Hawthorn. Wote wawili gari lao lilikuwa na namba 2. Casablanca namba 2 ikaangukia gari la Hawthorn. Akakataa, wakabadilishana na Gendebien, yeye akachukua 6. Sisemi kitu hapo, ila Gendebien na ile namba 2 alipata ajali siku hiyo. Alipona.

Bendera ikashuka, Moss akatoka mbele na hakuna aliyemwona tena. Jamaa aliendesha kama amefungiwa mashetani. Phil Hill alijaribu kumkaba mwanzoni akatoka nje ya njia, akarudi. Moss akagusana na gari moja alilokuwa analizidi mzunguko, pua ya gari lake ikapondeka, akaendelea tu. Mzunguko wa kasi akaweka yeye, dakika 2 na sekunde 22.5. Sehemu yake ya kazi kaimaliza yote, hakuna alichobakiza.

Nyuma ndiko kuna vita. Brooks akampita Hawthorn, maana yake mpango wa Vanwall unafanya kazi. Kisha injini ya Brooks ikafa. Mwaka ule sheria ilibadilishwa, magari yaliachishwa pombe ya methanoli yakatakiwa kutumia petroli ya ndege. Methanoli inapoza injini, petroli haipozi hivyo. Injini kubwa ya silinda nne ya Vanwall ilikuwa imelelewa kwenye pombe, ikabidi wairekebishe upya. Madereva wa malori wanaopanda Kitonga na mzigo wananielewa injini ikichemka inakuwaje.

Phil Hill akawa wa pili, Hawthorn wa tatu. Kwa matokeo hayo Moss ni bingwa. Ferrari wakatoa ishara, Hill akapunguza mwendo, Hawthorn akapita. Leo tungepiga kelele kwamba mechi imepangwa, ila wakati ule kila timu ilifanya hivyo na Moss mwenyewe alitegemea wenzake wamsaidie.

Bado kuna Lewis-Evans, ndiye tumaini la mwisho. Zikiwa zimebaki raundi kumi na kitu, injini yake ikanoki kwenye mwendo mkali. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likatoka barabarani, likashika moto. Alitoka mwenyewe ndani ya gari, nguo zinawaka.

Moss akamaliza wa kwanza, akimwacha Hawthorn dakika 1 na sekunde 24. Hawthorn wa pili, Phil Hill wa tatu. Hesabu: Hawthorn 42, Moss 41. Pointi moja.

Ile ndiyo siku Uingereza ilipata bingwa wake wa kwanza, na Vanwall wakawa mabingwa wa kwanza wa kombe la timu, maana lilianzishwa mwaka ule ule. Lakini hakukuwa na mtu mwenye hamu ya sherehe. Vandervell alimrudisha Lewis-Evans Uingereza kwa ndege ya kukodi, akalazwa kwenye kitengo maarufu cha watu walioungua pale East Grinstead. Alifariki tarehe 25 Oktoba, siku sita baada ya mbio. Aliyekuwa anasimamia mambo yake ni Bernie Ecclestone, yule yule mzee mfupi aliyekuja kuiendesha biashara yote ya Formula One miaka ya baadaye. Vandervell mwenyewe alivunjika moyo, Januari 1959 akatangaza kuachana na mashindano.

Sasa rudini nyuma kidogo, mwezi Agosti 1958, Porto, Ureno. Hapa ndipo vijana wa kafe walipokaa kimya.

Moss alishinda Porto, Hawthorn wa pili. Mwishoni gari la Hawthorn lilizunguka likazima. Akalisukuma kwenye mteremko kuliwasha, akawa anaelekea kinyume na magari mengine. Waamuzi wakamfuta. Nani akaenda kumtetea? Moss! Mpinzani wake wa ubingwa. Aliwaambia waamuzi kwamba Hawthorn alikuwa pembeni, kwenye njia ya waenda kwa miguu, siyo barabarani, kwa hiyo hakuvunja sheria. Wakamrudishia nafasi, pointi 6 na ile 1 ya kasi.

Toa hizo 7 kwenye hesabu yangu ya juu. Hawthorn anabaki na 9, 7, 7, 6, 6, 4. Jumla 39. Moss 41, bingwa wa dunia.

Na si hilo tu. Inasimuliwa kwamba siku hiyo hiyo Porto timu ya Moss ilimwonyesha kibao kwamba Hawthorn ameweka rekodi ya kasi, yaani ajibu. Moss akakisoma vibaya akidhani mwenzake anakwenda mwendo wa kawaida, akastarehe. Angeichukua ile pointi moja, yeye angemaliza na 42 na Hawthorn 41. Pointi MOJA wadau, kwa ajili ya herufi moja ya chaki.

Kwa hiyo ubishi wetu wa 2008 unajibiwaje? Kwa maoni yangu sheria ilijulikana tangu Januari, na Hawthorn aliicheza vizuri: gari lake lilifika mwisho, la mwenzake mara nyingi halikufika. Kufika mwisho nako ni kazi ya mashindano. Ila ukiniuliza nani alikuwa dereva bora mwaka ule, ni Moss, sipepesi macho. Kutofautisha maswali haya mawili ndiko kulikowashinda wale vijana.

Afrika ikaamua ubingwa tena tarehe 29 Desemba 1962 pale East London. Siyo London ya Malkia, ni mji wa Afrika Kusini ukingoni mwa Bahari ya Hindi, enzi za makaburu. Jim Clark aliongoza kwa raha mpaka boliti moja ikalegea, mafuta ya injini yakamwagika, Graham Hill akachukua ubingwa. Mara ya mwisho langalanga hizi kuja barani ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, 1993. Casablanca haikurudia tena, 1958 ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuwa kwenye ubingwa wa dunia.

Hawthorn alitangaza kustaafu mwishoni mwa mwaka ule ule, akasema imetosha. Tarehe 22 Januari 1959, miezi mitatu tu baada ya Casablanca, alikufa kwenye ajali ya barabarani karibu na Guildford, Uingereza, akiendesha Jaguar yake barabara ya kawaida yenye maji ya mvua. Miaka 29. Moss aliendelea, akawa wa pili mwaka 1958, na kabla ya hapo 1955, 1956 na 1957 vilevile wa pili, halafu 1959, 1960 na 1961 wa tatu. Alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 90. Ubingwa wa dunia hakuupata kamwe.

Nawasilisha. Yule kijana wa Massa kama unasoma hapa, soda yangu bado naidai.