Weka Gamba!

Hadithi, hadithi! Semeni basi: hadithi njoo. Haya, wapwa zangu, sogeeni hapa kwa mjomba. Nafasi ipo.

Mnalijua lile jiwe bapa nyuma ya nyumba yetu, Kirumba? Mwanza mawe hayahesabiki, lakini lile ni la peke yake. Jua likianza kuelekea ziwani, jiwe bado lina joto, kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Hapo ndipo watoto watano hukaa kila Jumamosi jioni. Watoto watano, kitabu kimoja.

Wanafanyaje? Anasoma mmoja, wanne wanasikiliza. Akikauka koo, anampa mwenzake. Mkubwa wao ni msichana wa darasa la saba. Wapo mapacha, Kulwa na Doto, kama mapacha wote wa kwetu wanavyoitwa. Yupo mvulana ambaye baba yake ni mvuvi. Na yupo kitindamimba wa miaka sita, ambaye kusoma bado anakokoteza, lakini kwa maswali hana mpinzani.

Halafu yupo wa sita. Nani? Gamba la samaki.

Ni gamba la sangara, pana kama sarafu ya shilingi mia mbili. Mtoto wa mvuvi aliliokota soko la samaki la Mwaloni, akaliosha kwa sabuni mara tatu, akalianika juani mpaka likakauka kabisa. Ukiliinua kwenye mwanga, unaona mistari myembamba, duara ndani ya duara, kama maji yanavyofanya ukidondosha kokoto. Kazi yake ni moja tu: kukaa pale wasomaji walipoishia. Jua likigusa maji, mmoja wao hupaza sauti: "Weka gamba!" Hapo kitabu kinafungwa. Hakuna kuongeza hata mstari mmoja.

"Mjomba, kwa nini tusimalize tu?"

Swali zuri hilo! Anayeuliza hivyo ana akili inayotembea. Ngoja niliachie gamba lijibu, maana ndilo linalobaki ndani ya kitabu taa zikizimwa.

"Mimi nalala kati ya kurasa mbili," linasema gamba. "Nasikia kila kitu. Kitabu kikiwa wazi, nyinyi mko kimya. Kikifungwa tu, midomo inafunguka. Mnabishana mkishuka jiwe. Mnabishana mkichota maji. Jumatatu mnabishana njiani kwenda shule. Mimi nimekaa palepale, ukurasa uleule, lakini hadithi inazidi kukua huko nje. Jumamosi mnarudi nayo ikiwa imenenepa."

Mmesikia? Hadithi inazidi kukua huko nje.

Kitabu chenyewe ni Alfu Lela Ulela, hadithi za siku elfu moja na moja. Ni za kale sana, zilipita Uajemi na Arabuni kabla ya kutufikia. Kwa Kiswahili zilichapwa mwaka 1929, na baadaye Hassan Adam alizitafsiri upya, Mkuki na Nyota wakazitoa kitabu baada ya kitabu. Ukimaliza kimoja, kingine kinakungoja. Hii ni safari ya kwenda Shinyanga kwa miguu. Huwezi kuifanya kwa pumzi moja, na peke yako utachoka njiani.

Ilianzaje? Kulikuwa na mfalme aliyevunjika moyo, akageuka katili. Kila mwanamke aliyemwoa, asubuhi aliamuru auawe. Ndipo Shahrazad akaolewa naye. Usiku akasimulia hadithi. Alfajiri ilipoingia, akakatiza, tena pale penye utamu. Mfalme akataka kujua mbele kuna nini, akamwacha aishi siku moja zaidi. Usiku wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

Kitindamimba akaruka juu. "Kumbe naye alikuwa anaweka gamba!"

Njoo nikushike mkono, mpwa wangu. Nimezijua hadithi hizi tangu utoto wangu, na jambo hilo umeniletea wewe.

Lakini kuna mtu mwingine mle chumbani ambaye watu humsahau. Unadhani ni mfalme aliyeomba hadithi ianze? Hapana. Ni Duniazad, mdogo wake Shahrazad. Yeye ndiye aliyesema: dada, tusimulie. Na dada alipokatiza, yeye ndiye aliyesifu: hadithi tamu iliyoje!

"Kwa hiyo mdogo mtu naye ana kazi?" akauliza kitindamimba.

Ana kazi kubwa. Asingeuliza Duniazad, nani angefungua kinywa mbele ya mfalme yule? Kila anayesikiliza pale juu ya jiwe na kusema "enhee, halafu?" anafanya kazi ya Duniazad.

Doto naye alikwama mahali. "Mjomba, mtu anasimulia hadithi, ndani yake kuna mtu anasimulia hadithi, na ndani ya hiyo yumo mwingine. Sasa hivi anayesema ni nani?" Nikamwambia: umewahi kuona sufuria zinavyopangwa dukani? Ndogo ndani ya ya kati, ya kati ndani ya kubwa. Ukitaka kujua uko wapi, hesabu mifuniko. Doto akahesabu kwa vidole. "Tuko sufuria ya tatu," akasema, akatulia.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo jiwe lilipowaka moto. Walifika kwenye hadithi ya mvuvi na jini.

Mvuvi maskini alikuwa na desturi ya kutupa wavu mara nne tu kwa siku. Mara ya kwanza akavuta punda aliyekufa. Mara ya pili, mtungi uliojaa mchanga na tope. Mara ya tatu, vigae na vioo vilivyovunjika. Mtoto wa mvuvi hakuvumilia. "Wavu umeshachanika huo! Punda, halafu mtungi, halafu vioo? Baba angekuwa ameshakaa chini anashona!" Wenzake walikuwa hawajawaza kabisa habari ya wavu. Wao walikuwa wanawaza jini. Lakini tangu siku ile, kila wavu ukitajwa, wote wanamtazama yeye kwanza.

Mara ya nne ukaja mtungi wa shaba, uliozibwa kwa risasi na kupigwa muhuri wa Nabii Suleimani. Mvuvi akauzibua. Moshi ukatoka, ukapanda, ukawa jini. Na jini akasema nini? Kwamba atamuua mvuvi aliyemfungulia!

"Weka gamba!"

Loo, wiki ile! Kulwa alisema jini hana shukrani. Doto alisema jini amechanganyikiwa. Jumamosi iliyofuata wakapata sababu yake. Kumbe jini alikuwa ameapa humo ndani. Miaka mia ya kwanza alisema: atakayenitoa nitamtajirisha. Hakuja mtu. Akasema: nitamwonyesha hazina za dunia. Hakuja mtu. Akasema: nitamtimizia haja tatu. Hakuja mtu. Mwishowe akakasirika, akaapa kumuua atakayekuja.

Wakubwa wakasema ni upuuzi. Wewe unafunguliwa mlango halafu unampiga aliyeufungua? Lakini kitindamimba alikuwa kimya, anakwangua jiwe kwa ukucha. Kisha akasema taratibu: "Mimi namwelewa. Mama akichelewa kunifuata shuleni, kwanza nasema akija nitamkumbatia. Halafu nasema akija nitalia. Halafu nasema akija simsemeshi."

Wote wakanyamaza. Mkubwa wao akafunga kitabu bila hata kusema "gamba". Miaka mamia ya jini, mtoto yule aliiingiza yote katika mchana mmoja wa kungoja getini. Nani mwingine angeliona hilo? Wote hupita getini pale, lakini aliyengoja pale ni yeye.

Mvuvi alijiokoaje? Hilo sisemi. Kuna wapwa zangu hapa ambao hawajafika.

Nitawaambia tu kilichofuata, kwa sababu kilifanyika kama vile kimeandikiwa watu wa ziwani. Mvuvi alipelekwa kwenye ziwa lenye samaki wa rangi nne: weupe, wekundu, wa buluu na wa njano. Akavua, samaki wakapelekwa jikoni kwa mfalme. Mpishi alipowageuza kikaangoni, ukuta ukapasuka, akatoka msichana, akawasemesha samaki. Na samaki wakainua vichwa, wakamjibu!

Mtoto wa mvuvi akapiga makofi. "Hao ni furu!"

Furu mnawajua? Ni samaki wadogo wa ziwa letu Victoria. Madume yao yana rangi kama khanga za dukani: wekundu, wa buluu, wa njano. Wataalamu wamehesabu mamia ya aina zao, ziwani humu humu.

"Mjomba, mbona siwaoni sokoni hao wa rangi nyingi?"

Hapo nikatazama gamba. Gamba nalo, kama lingekuwa na uso, lingeuficha. Kwa nini? Kwa sababu sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950. Ni samaki mkubwa, na chakula chake ni samaki wenzake. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kila mahali, na furu wakapungua mno. Aina nyingi hazijaonekana tena.

"Sikuchagua kuletwa," likasema gamba kwa sauti ndogo. "Lakini mkisoma ukurasa ule, niwekeni mbali kidogo."

Wakaliweka mbali. Jumamosi ile alama ya ukurasa ilikuwa jani la mwembe.

Ikatokea siku moja gamba likakutwa mbele, kurasa ishirini na zaidi. Nani amelihamisha? Wakatazamana. Kulwa akainamisha kichwa. Usingizi ulimkataa, akasoma kwa tochi ya simu, akasahau kulirudisha. Walimfukuza? La. Mkubwa wao akatoa hukumu: Kulwa akae, asikilize tena kile anachokijua, na asiseme neno. Akakaa. Wenzake walipofika penye mshtuko, yeye hakutazama kitabu, alitazama nyuso zao. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini: "Mjomba, Doto macho yalimtoka! Mimi usiku sikuwa na wa kumtazama."

Basi kitabu kilipokwisha, wakiwa wanangoja kingine, kitindamimba akauliza: "Kwetu ziwani hakuna hadithi ndefu hivyo?"

Ipo! Panda meli ya Nansio, uende Ukerewe. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza, mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaotafuta mtoto, kisha cha watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali. Alitaka vijana wajue wazee wao waliishije. Alimaliza mwaka 1945. Nani akachapa? Hakuna. Miaka ikapita. Mzee mwenyewe akakigeuza kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi.

Doto akahesabu. "Miaka thelathini na mitano ndani ya mtungi."

"Kilikasirika?" akauliza kitindamimba.

Hapana, mpwa wangu. Ukikifungua unakuta watu wanasalimiana kwa heshima, mtu anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, pombe ya ndizi inapikwa, mganga anatafutwa. Kinakwenda polepole. Kilikuwa na mengi ya kutuambia, na hakikufupisha lolote.

"Na sangara yumo?"

Fikiri. Kilimalizwa mwaka 1945. Sangara alikuja lini? Akafikiri, akacheka.

Kwa hiyo gamba la sangara likaingia katika kitabu ambacho sangara hajafika. Jumamosi ya kwanza mkubwa wao alisoma jina la Bugonoka, na sauti ya mtu mzima ikamsahihisha kutoka nyuma. Alikuwa bibi jirani yetu, Mkerewe, ameegemea mlango na ungo wake wa dagaa. Akasogea hatua moja. Akasogea ya pili. Ungo ukawekwa chini. Walipofika Myombekere anapoingia ukweni, bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe, anawaeleza kwa nini mkwe hawezi kuingia hivi hivi kama anaingia dukani.

Jua likagusa maji.

"Weka gamba!" akasema kitindamimba.

"Bado," akasema bibi. "Nataka kusikia wamempokeaje."

"Shikamoo bibi, lakini ni sheria."

Bibi akatazama gamba, akatazama ziwa, akaokota ungo wake. "Marahaba. Basi Jumamosi nitakuja na kigoda changu."